Amplifaya ndogo ya gitaa kwenye boksi la spika: dalili na chanzo chake

Amplifaya ndogo ya mazoezi, ile ya wati 10 au 15 yenye spika ya inchi 6 au 8, hutoa sauti iliyobanwa. Ukiichomeka kwenye boksi lenye spika ya inchi 12, mashine ileile inabadilika: besi inajaa, nyuzi nene zinasikika kama nyuzi, na huhitaji kupandisha volyumu. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini mara nyingi mtu anaunganisha, anawasha, halafu anapata kimya, au muungurumo, au sauti nyembamba inayotoka kama iko chumba cha pili.

Niseme mapema ninachokiamini. Hitilafu nyingi za namna hii haziko kwenye amplifaya wala kwenye spika, ziko kwenye waya na matundu yaliyo katikati. Na malalamiko mengi yanayobaki si hitilafu hata kidogo: boksi kubwa limetoa hadharani kitu ambacho spika ndogo ilikuwa inakificha. Kwa hiyo usikimbilie kwa fundi, na usikimbilie kununua.

Zima kwanza

Harufu ya kuungua, moshi, au koni ya spika iliyosukumwa nje na kubaki hukohuko: zima, chomoa ukutani, ndipo uendelee kusoma.

Kama amplifaya yako ni ya valvu (ukichungulia nyuma unaona vichupa vya kioo vyenye mwanga wa rangi ya chungwa) kuna sheria isiyo na mjadala: haipigwi bila spika kuunganishwa. Amplifaya ya valvu ina transfoma ya kutolea sauti. Transfoma hiyo ikikosa mzigo huku unapiga gitaa, volti zake hupanda mpaka cheche zinaruka ndani ya koili au kwenye soketi ya valvu, na gharama ya transfoma mpya inaweza kukaribia bei ya amplifaya yenyewe. Ikiwa ni ya valvu na hakuna sauti, usiendelee kupandisha volyumu ukitafuta. Na usiifungue: kapasita zake (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme) hushikilia mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Amplifaya ya transista, yaani isiyo na vichupa hivyo, ambayo ndiyo iliyo mikononi mwa wengi, haijali kukaa bila spika. Yenyewe inaogopa kinyume chake, yaani shoti, au spika zenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) chache kuliko inavyoweza kuzihudumia.

Vitu vitatu, kimoja kwa wakati

Una amplifaya, waya na boksi. Badilisha kimoja tu, sikiliza, kisha kingine. Kama amplifaya ina spika yake ya ndani, irudishe hapo kwanza. Ikisikika vizuri, amplifaya imeshatoka kwenye orodha ya watuhumiwa na hutaisumbua tena.

Waya na boksi hupimwa pamoja kwa betri ndogo ya volti 1.5. Chomeka waya kwenye boksi, upande wa pili usiuchomeke popote. Shika pini, gusisha betri kwenye ncha na kwenye mwili wa pini kwa sekunde moja. Ukisikia "kwa!" na koni ikaruka kidogo, waya ni mzima na spika ni nzima. Kipimo hiki hakigharimu kitu na huokoa jioni nzima.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme, pima omu palepale kwenye pini, mita ikiwa kwenye kipimo cha chini na amplifaya ikiwa haijaunganishwa. Usishangae kwamba namba hailingani na iliyoandikwa kwenye spika. Spika ya omu 8 husoma kama 6 hadi 7 hivi, ya omu 4 husoma 3 na kitu, ya omu 16 husoma 11 hadi 13. Namba iliyoandikwa ni ya sauti inayocheza, mita inapima waya wa koili tu. Ikisoma sifuri kabisa, kuna shoti, mara nyingi kwenye pini ambako nyuzi za shaba zimechanguka na kugusana. Isiposoma chochote, waya umekatika au koili imeungua. Ili ujue ni kipi, fungua boksi upime moja kwa moja kwenye spika.

Dalili: kimya kabisa

Anza na tundu ulilochomeka. Nyuma ya amplifaya ndogo kunaweza kuwa na matundu matatu yanayofanana, na moja tu ni la spika. Tundu la hedifoni si la spika. Tundu lililoandikwa "Line Out" si la spika pia. Linatoa ishara ndogo ya kupeleka kwenye mixa. La spika huandikwa "Speaker" au "Ext. Speaker" na karibu kila mara huambatana na namba ya omu. Ukikosa namba ya omu, usidhani ni lenyewe.

Wenye amplifaya za valvu za Fender wana mtego wao. Nyingi zina matundu mawili ya spika, kuu na la nyongeza. Kuu limetengenezwa hivi kwamba likiwa tupu linajipiga shoti kwa makusudi, ili transfoma isibaki bila mzigo. Ukichomoa spika ya ndani ukachomeka boksi lako kwenye tundu la nyongeza peke yake, shoti ile inameza sauti yote. Hamishia boksi kwenye tundu kuu, basi.

Maboksi ya vyombo vya ukumbini, yale ya kanisani na ya bendi, mara nyingi yana tundu la kuzungusha, Speakon. Ndani yake kuna miguu iliyoandikwa 1+, 1−, 2+ na 2−. Spika ya kawaida imefungwa kwenye 1. Waya ukifungwa kwenye 2 utakuwa mzima kwa mita upande hadi upande, na boksi litakaa kimya kama mtu aliyenuniwa.

Kisa kingine cha kimya kinahusu amplifaya yenyewe: ulichomeka boksi, ukalichomoa, na sasa spika ya ndani haisikiki. Tundu la spika ya nje lina kibati kinachokata spika ya ndani pini inapoingia, na kinachotakiwa kurudi mahali pake pini ikitoka. Kwa sisi wa pwani, Tanga hadi Mombasa na visiwani, hewa ya chumvi hufanya kibati hicho kiote kutu ya kijani. Chomeka na kuchomoa pini mara kadhaa amplifaya ikiwa imezimwa. Sauti ikirudi kwa kukatakata, nunua dawa ya kopo ya kusafishia viunganishi vya umeme, pulizia kidogo, rudia. Mafuta ya cherehani si dawa hiyo.

Dalili: inasikika, lakini ndogo

Hapa vyanzo ni vingi, na viwili vya mwisho si hitilafu.

Cha kwanza ni tundu la hedifoni tena. Safari hii umepata sauti, hafifu. Tundu hilo limewekewa ukinzani ndani ili lisikuharibu masikio, na limekusudiwa mzigo wa omu 32 na kuendelea. Ukilipa spika ya omu 8 linatoa kinong'ono. Zaidi ya hapo, hedifoni ni za stereo na pini yako ni ya mono, kwa hiyo upande mmoja unapigwa shoti muda wote unapocheza. Acha.

Cha pili ni waya wa gitaa. Pini ni zilezile za milimita 6.35, zinaingia bila kulalamika, na ndiyo maana watu wengi hawaoni kosa. Waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati na wavu wa kukinga pembeni. Umetengenezwa kubeba ishara ndogo sana, si mkondo wa kusukuma spika. Kwa amplifaya ya wati 10 utapoteza sauti kidogo na pengine usione zaidi ya hapo. Ukiutumia kwenye kubwa zaidi unapata moto, unayeyuka, unapiga shoti. Waya wa spika hauhitaji kukingwa. Nunua waya laini wa nyuzi mbili, ule wa milimita za mraba 1.5 unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Mita tatu zinatosha sebuleni. Ukwangue kabla hujalipa. Waya wa bei ya kutupa huwa ni alumini iliyopakwa shaba, ukiukwangua unakuwa mweupe, na unasumbua sana kwenye lehemu.

Neno moja kuhusu pini. Kuna mafundi wanaofunga plagi za umeme wa ukutani kwenye nyaya za spika kwa sababu zinapatikana kila duka. Siku moja mtoto au mgeni atazichomeka ukutani, na volti 230 zitaingia kwenye koili. Kataa, hata kama amekufungia bure.

Cha tatu ni omu. Amplifaya ya transista hutoa nguvu pungufu kadiri omu zinavyoongezeka. Vox MV50, kichwa kidogo (amplifaya isiyo na spika yake) kinachoenea kwenye kiganja, ni mfano mzuri kwa sababu mtengenezaji ameeleza wazi: wati 50 kwenye omu 4, wati 25 kwenye omu 8, wati 12.5 kwenye omu 16. Lakini usizichukulie namba hizi kwa pupa. Kupunguza wati kwa nusu kunapunguza sauti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia kwa shida. Kubadilisha boksi la omu 8 kwa la omu 4 kwa ajili hiyo pekee ni kupoteza hela.

Cha nne ndicho wengi hawakijui, na mimi nakiweka juu ya wati zote: usikivu wa spika. Kila spika hupimwa inatoa desibeli ngapi ikipewa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Celestion Vintage 30, spika maarufu ya gitaa ya inchi 12, ni desibeli 100. Spika nyingi za redio za nyumbani ziko karibu na 88. Tofauti ya desibeli 10 peke yake ina maana ya kuhitaji wati mara kumi ili kufikia kelele ileile. Kwa hiyo amplifaya ya wati 10 kwenye spika nzuri ya gitaa itaamsha majirani, na ileile kwenye boksi la redio ya zamani ya babu itakuwa ya kusikiliza peke yako. Boksi halijaharibika. Si la kazi hiyo.

Dalili: nyembamba, besi imepotea

Boksi lako lina spika mbili? Basi karibu najua jibu: moja imefungwa kinyume. Moja ikisukuma hewa mbele, nyingine inaivuta nyuma, na sauti za chini zinauana katikati. Juu utasikia, chini hakuna kitu. Dalili hii ina alama yake: ukichomoa spika moja (kwa amplifaya ya transista, na spika zikiwa zimefungwa sambamba, yaani kila moja ina nyaya zake mbili hadi kwenye tundu), besi inaongezeka badala ya kupungua.

Rudi kwenye betri. Fungua nyuma ya boksi, gusisha chanya ya betri kwenye mguu wenye alama nyekundu au ya kujumlisha, hasi kwenye mwingine, na uangalie koni. Inatakiwa iruke mbele, kuelekea kwa msikilizaji. Fanya hivyo kwa kila spika, uweke alama yako mwenyewe kwa kalamu, na ufunge kwa alama hizo. Usiamini rangi kiupofu: spika za zamani za JBL zilitengenezwa kwa mpangilio wa kinyume, chanya kwenye mguu mwekundu inavuta koni ndani. Ukiichanganya moja na spika ya kampuni nyingine ukafuata rangi, utakuwa umefunga vibaya kwa uaminifu mkubwa.

Kama boksi ni la spika moja, mwelekeo wa waya hauna athari yoyote unayoweza kuisikia. Tafuta kwingine. Boksi lililo wazi nyuma hupoteza besi likiwa katikati ya chumba. Lisogeze karibu na ukuta, au kwenye kona, usikilize tena. Boksi lililoinuliwa juu ya stuli hupoteza besi pia ukilinganisha na lililokaa sakafuni. Na boksi lililofungwa nyuma lakini lenye tundu la waya lisilozibwa, au msumari uliokosa, huvuja hewa pale E ya chini inapopigwa, unasikia "fff" ndogo. Ziba kwa silikoni.

Dalili: kali, inachoma masikio

Hii inatokea sana kwa anayetumia boksi la muziki wa kawaida badala ya boksi la gitaa. Spika ya gitaa huishia karibu na mizunguko 5,000 kwa sekunde na hapo inazimika yenyewe. Huo ndio mchujo unaoifanya distoshoni (sauti ya gitaa iliyopasuliwa kwa makusudi) isikike nene badala ya kusikika kama bati linalokatwa kwa msumeno. Boksi la muziki lina twita, spika ndogo ya sauti za juu, inayopanda hadi 15,000 au zaidi, na twita haina huruma: kila chembe ya ukali inayozalishwa na distoshoni inakufikia.

Njia rahisi ni kuchomoa waya mmoja wa twita ndani ya boksi na kuufunga kwa tepu ili usiguse kitu. Kama twita imeunganishwa kupitia kapasita moja tu, hakuna madhara, na ukitaka kuirudisha ni dakika mbili.

Lakini usifanye hivyo kabla ya kujiuliza unapiga nini. Kwa solo safi ya rumba au ya sebene, twita ni rafiki. Ule mng'ao wa gitaa la solo unaokata juu ya ngoma na besi unauhitaji, na boksi la ukumbini lenye spika ya inchi 12 na twita linaweza kukupa sauti iliyo karibu na unayoitafuta kuliko boksi la bei mbaya la gitaa la roki. Mimi kwa gitaa safi ningeiacha. Kwa distoshoni ningeichomoa bila kufikiri mara mbili.

Dalili: muungurumo ambao haukuwapo

Watu hulilaumu boksi, na boksi halina hatia. Boksi lisilochomekwa ukutani halina umeme wake. Haliwezi kutengeneza muungurumo, linaweza kuutoa tu. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, na mabaki yake baada ya kugeuzwa kuwa umeme mnyoofu ndani ya amplifaya huwa kwenye 100. Spika ya inchi 6 ndani ya kiboksi chake inatoa sauti hizo kwa shida. Ya inchi 12 inazitoa vizuri, maana E ya chini ya gitaa yenyewe iko kwenye 82. Muungurumo ulikuwepo siku zote. Ulikuwa hausikiki.

Kwa hiyo swali ni unatoka wapi, na majaribio ni mafupi.

Shusha volyumu mpaka sifuri. Ukibaki palepale, unatoka ndani, upande wa umeme. Ukiwa mdogo na hausikiki ukianza kupiga, uache. Ukiwa mkubwa na amplifaya ni ya miaka mingi, kapasita za kuchuja umeme zimechoka, hiyo ni kazi ya fundi.

Ukipotea kwa kushusha volyumu, pandisha tena na uchomoe gitaa. Ukipotea kwa kuchomoa, chanzo ni gitaa, waya wake au chumba. Geuka taratibu ukiwa umeshika gitaa: kama muungurumo unapanda na kushuka kulingana na upande unaoelekea, pikapu zako za koili moja (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) zinanasa kitu kilicho karibu, mara nyingi transfoma ya amplifaya yenyewe, chaja ya simu, au taa. Sogea mita mbili. Inveta ya bei nafuu isiyotoa wimbi safi la umeme huongeza mlio mkali juu ya muungurumo, na hilo huwezi kulitibu kwenye amplifaya. Jaribu amplifaya ukiwa kwenye umeme wa kawaida ujue tofauti.

Kisha gusa nyuzi. Muungurumo ukipungua ukigusa, ni tabia ya kawaida ya magitaa mengi. Ukiongezeka, au ukihisi vidole vinachonyota, acha kupiga. Hapo waya wa ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini) haupo, aidha kwa sababu plagi ya pini tatu imelazimishwa kwenye adapta ya pini mbili, au ekstensheni ina tundu la tatu lisilounganishwa na kitu, au soketi ya ukutani ilifungwa na mtu mwenye haraka. Mwite fundi umeme. Usiondoe ethi ili kupunguza muungurumo, hata kama kuna mtu mtandaoni kakuambia inasaidia.

Kelele ya "trrr-trrr-trrr" ni simu yako. Iweke mbali.

Dalili: inapiga vizuri, inapata moto, inakata, inarudi

Hii ina maana amplifaya ya transista imebebeshwa omu chache mno. Chipu nyingi za sauti kwenye amplifaya ndogo, TDA2030 ikiwa mojawapo, zina ulinzi ndani unaozima sauti joto likizidi na kuirudisha zikipoa. Chipu inakuonya.

Kosa la kawaida ni kuliunganisha boksi pamoja na spika ya ndani, zote zikipiga kwa wakati mmoja. Zikiwa sambamba, omu 8 na omu 8 zinakuwa 4. Omu 4 na omu 8 zinakuwa 2.7. Amplifaya iliyoandikwa kima cha chini omu 8 inatakiwa sasa kutoa mkondo maradufu au zaidi, na inajitahidi mpaka inachoka. Ukizifunga mfululizo, umeme ukipita moja kisha nyingine, omu 8 na 8 zinakuwa 16, salama kwa amplifaya ya transista, sauti ikishuka kidogo. Kwangu mimi, kata spika ya ndani kabisa. Ile ya inchi 6 haikuongezei kitu ambacho ya inchi 12 haina.

Kwa amplifaya ya valvu hesabu ni nyingine: chagua tundu lenye omu sawa na za boksi. Boksi la omu 16 kwenye tundu la 16, la 8 kwenye la 8. Huko, omu nyingi si usalama.

Kuna chanzo cha pili cha kukata, kigumu kidogo. Amplifaya nyingi za betri, na nyingi za kisasa nyepesi, zina nyaya mbili za spika ambazo zote ni hai. Hakuna iliyo hasi ya kweli. Ukiongeza tundu la chuma kwenye bodi ya chuma ili uchomeke boksi, mwili wa tundu unaunganisha waya mmoja na bodi, na amplifaya inajifunga papo hapo au inaungua. Pima kabla hujatoboa: amplifaya ikiwa imezimwa na imechomolewa, spika ikiwa imetolewa, pima omu kati ya waya hasi wa spika na mwili wa tundu la gitaa. Ikisoma karibu sifuri, ni ya kawaida. Isiposoma hivyo, tumia tundu la plastiki lisilogusa bodi, na usiunganishe waya wowote kati ya hiyo miwili na kitu kingine zaidi ya spika.

Dalili: inakoroma kwenye noti fulani

Noti moja au mbili zinatoa mkoromo, zingine safi. Kabla ya kuihukumu spika, kamata vitu vinavyotikisika: skurubu za spika, wavu wa mbele, mpini, waya wa ndani unaogusa koni, funguo ulizoweka juu ya boksi, kioo cha dirisha. Piga noti hiyohiyo mfululizo huku mtu mwingine akibonyeza sehemu moja moja kwa kiganja. Mkoromo ukinyamaza, ameupata. Maboksi yaliyoundwa na seremala wa mtaani kwa mbao nyembamba za chipsi huimba yenyewe. Kipande cha ubao cha kuunganisha mbele na nyuma ndani ya boksi kinamaliza kazi. Plaiwudi ya milimita 18 isingekuletea shida hiyo.

Ukikosa kitu, zima na uibonyeze koni kwa vidole vya mikono yote miwili, taratibu na sawasawa pande zote. Ikikwaruza kama kuna mchanga, koili imejisugua kwenye sumaku. Hiyo ni ya kubadilishiwa koni na koili au kutafutiwa spika nyingine.

Na kama amplifaya ndogo ya valvu imewekwa juu ya boksi kubwa, mlio wa "ting" unaofuata kila noti ni valvu zinazotikiswa. Iweke kwenye kiti pembeni.

Sabufa si boksi

Hili nimeulizwa sana. Sabufa ya sebuleni ina amplifaya yake ndani na inachomekwa ukutani. Ukichukua waya kutoka tundu la spika la amplifaya ya gitaa ukaupeleka kwenye tundu la kuingizia sauti la sabufa, unalisha ishara yenye nguvu mara nyingi zaidi ya inayotarajiwa, na dalili ya kwanza ni sauti iliyopasuka hata volyumu ikiwa chini; ya pili ni sabufa isiyowaka tena. Ukitaka kuitumia, tumia "Line Out" ya amplifaya. Vile vispika vya pembeni vya sabufa, ambavyo havina umeme, ni boksi halali, ila vina usikivu mdogo na hubeba wati chache.

Koni inaruka nje ukiwasha, na haitoki huko

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayoua spika nzima. Umeme mnyoofu unavuja kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye koili. Koni inasukumwa na kushikiliwa, na koili inaungua ndani ya muda mfupi huku hujapiga hata noti moja. Hii ni ya amplifaya za transista. Zima, chomoa boksi, washa tena amplifaya bila spika, volyumu sifuri, na upime volti za umeme mnyoofu kati ya nyaya mbili za spika. Inatakiwa iwe karibu na sifuri, sehemu ndogo tu ya volti. Ukiona volti kadhaa, chipu au transista za mwisho zimekufa. Mpelekee fundi amplifaya peke yake, umwambie namba uliyoisoma, na boksi libaki nyumbani mpaka namba hiyo ishuke.